Mtihani wa Mdomo Umerudi, Lakini Nani Amewafundisha Kusema?

Vyuo vingi vinarudisha mtihani wa mdomo. Sababu anaijua kila aliyesahihisha insha tangu Novemba 2022, mwezi ambao ChatGPT ilifunguliwa kwa umma: karatasi iliyoandikwa vizuri haimthibitishii tena mhadhiri kwamba mwanafunzi anaijua mada. Insha safi, yenye hoja zilizopangwa kama matofali, inaweza kuwa ya mwanafunzi na inaweza kuwa ya mashine, na mwalimu anayejigamba kwamba anazitofautisha kwa jicho anajidanganya. Kwa hiyo uamuzi unaoonekana wa busara ukafikiwa: mwanafunzi aitwe, akae mbele ya walimu wawili, aulizwe. Aliyesoma atajibu. Ambaye hakusoma ataumbuka.

Naunga mkono kurudi kwa mtihani huo. Ninachopinga ni namna unavyoeleweka. Unachukuliwa kama mtego wa kunasia wadanganyifu, kana kwamba kusema ni kitu ambacho kila mtu huja nacho chuoni akiwa tayari amekikamilisha, na kilichobaki ni kumfungua mdomo ili elimu iliyomo imwagike. Sivyo. Kutetea hoja papo kwa papo, kusikiliza swali hadi mwisho kabla ya kulijibu, kukiri mbele ya watu kwamba jambo fulani bado hulijui na kuendelea kusimama, yote hayo ni stadi zinazofundishwa. Chuo kisichozifundisha hakina haki ya kuzitahini. Kozi ya mawasiliano ya mdomo, ambayo kwa miaka mingi imesukumwa pembeni mwa ratiba kama kozi nyepesi ya kujazia alama, ndiyo inayopaswa kutangulia. Bila hiyo mtihani wa mdomo utapima kitu kingine kabisa, na muda si mrefu nitaeleza ni kitu gani.

Tukumbuke kwanza kwamba katika historia ya elimu ya juu mdomo ndio uliotangulia, kalamu ikafuata. Kwa mapokeo ya Wagiriki, balagha, yaani sanaa ya kusema kwa kushawishi, kama somo ilianzia Syracuse, katika kisiwa cha Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Watawala wa kimabavu walipong'olewa, watu waliokuwa wamenyang'anywa mashamba walilazimika kwenda kuyadai mbele ya mahakama, kila mmoja kwa kinywa chake, na Corax na Tisias wakawa walimu wa namna ya kuyapanga madai hayo. Naipenda sana asili hii. Inasema kwamba somo letu halikuanzia kwa wafalme wala kwa watu wa majukwaani, bali kwa mtu aliyepoteza shamba na kuhitaji kueleweka na wasiomjua. Karne iliyofuata mwanafalsafa Aristotle aliieleza balagha kuwa uwezo wa kuona, katika kila jambo, njia zilizopo za kushawishi. Neno lake ni kuona, wala si kupamba. Warumi nao waliigawa kazi ya msemaji katika sehemu 5: kutafuta hoja, kuzipanga, kuzivika maneno, kuziweka kichwani, na kuzitamka. Zihesabu vizuri. Sehemu 4 kati ya hizo 5 humalizika kabla mtu hajafungua mdomo. Quintilian, aliyelipwa na hazina ya dola ya Roma ili afundishe balagha, aliandika vitabu 12 juu ya malezi ya msemaji, akianza na mtoto mdogo, kwa sababu hakuamini kwamba kazi hii ni ya siku moja kabla ya hotuba.

Ilikuwaje basi kalamu ikashika usukani? Vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati vilimtahini mwanafunzi kwa mjadala: alitoa tamko, wenzake wakalishambulia, naye akalitetea kwa Kilatini. Huko Cambridge, katika karne ya 18 na ya 19, mijadala hiyo ilipungua nguvu na nafasi yake ikachukuliwa na karatasi za maswali. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kipuuzi. Karatasi huwapa wote maswali yale yale na husahihishwa bila kuona sura ya mtu, na mwalimu mmoja anaweza kupanga watahiniwa wengi kwa alama bila kumsikia hata mmoja. Ila kilichoondoka kimya kimya ni mafundisho. Chuo kikuu cha Harvard kilikuwa na kiti cha uprofesa wa balagha na ufasaha wa kuzungumza, na mtu wa kwanza kukikalia, mwaka 1806, alikuwa John Quincy Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa Marekani. Kiti hicho hicho, kati ya 1984 na 1995, kilikaliwa na Seamus Heaney, mshairi mkubwa, lakini mshairi. Safari nzima ya somo hili imo katika kiti hicho kimoja: kutoka kwa mtu wa jukwaani hadi kwa mtu wa ukurasa. Walimu wa usemaji walipoona wanamezwa na idara za fasihi na uandishi, 17 kati yao walikutana Chicago mwaka 1914, wakajitenga na chama cha walimu wa Kiingereza na kuunda chama chao wenyewe. Kozi za kuzungumza mbele ya hadhira zinazofundishwa Marekani leo zina deni kwa hatua hiyo. Na zipo nchi ambazo hazikuuacha mdomo hata kidogo. Italia, mwanafunzi wa chuo kikuu bado hukaa mbele ya profesa wake na kuhojiwa, na hakuna anayeliona jambo hilo kuwa geni.

Wanaopinga mtihani wa mdomo wana hoja mbili nzito, na sitazirukia. Ya kwanza ni muda. Darasa la wanafunzi 200, kila mmoja akipewa dakika 15, linadai saa 50 za kukaa na kusikiliza, na ukiweka watahini wawili, kama inavyopaswa, unakuwa umetumia saa 100 za kazi kwa kozi moja. Hakuna maneno matamu yatakayoifuta hesabu hiyo. Chuo lazima kikate kitu kingine au kiajiri. Hoja ya pili ndiyo inayoninyima usingizi, nayo ni haki. Karatasi inaweza kufichwa jina, sauti haifichiki. Mtahini husikia lafudhi, huona mavazi, huhisi kama mtu anamtazama machoni au anatazama chini. Takriban mtu mzima 1 katika kila 100 ana kigugumizi. Wengi zaidi hujibu mtihani kwa lugha ambayo si ile waliyoanza kuongea nayo, na wanahitaji sekunde chache za ziada ili sentensi ijipange kichwani. Anayejibu haraka huonekana mwerevu, na anayefikiri kwanza huonekana ametupwa na swali.

Mwaka mmoja nilikaa kwenye jopo la kusikiliza utetezi wa ripoti za mwisho. Aliingia mwanafunzi ambaye nilikuwa msimamizi wake. Nilikuwa nimepitia rasimu zake 4, nikajua ni wapi alikwama, ni aya ipi aliifuta na kuirudisha. Mwenzangu akamuuliza swali la haki kabisa: kwa nini uliwahoji watu hawa na si wengine? Msichana yule alifungua ripoti, akaifunga. Karatasi iliyokuwa mkononi mwake ilikuwa inatetemeka karibu na kipaza sauti, na mtetemo ule ukasikika chumba kizima kama upepo kwenye jani kavu. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nimeandika ukurasa wa kumi na tisa." Na kweli alikuwa ameandika, tena jibu zuri. Kwenye fomu mwenzangu aliandika: huenda si kazi yake. Nilipinga, tukabishana, alama zikarekebishwa. Lakini mwanafunzi yule alikuwa na bahati tu kwamba mtu aliyeziona rasimu zake alikuwa chumbani. Katika miaka yake yote ya chuo alikuwa amesimama mbele ya watu mara moja, kusoma slaidi za kikundi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha njia ya kumtia mtu mfadhaiko ndani ya maabara ili mwili wake uchunguzwe. Mtu anapewa muda mfupi wa kujiandaa, kisha anasimama mbele ya jopo ambalo limeagizwa lisitabasamu wala kutikisa kichwa. Anazungumza dakika 5 kama anayeomba kazi. Halafu anatakiwa ahesabu kwa sauti akirudi nyuma kutoka 1022 kwa kutoa 13 kila mara, na akikosea anaanza upya. Watafiti hupima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa unapofadhaika, kwenye mate yake, na kwa watu wengi hupanda sana. Njia hiyo imetumika katika tafiti nyingi tangu wakati huo kwa sababu ni ya kuaminika: ukitaka kumfadhaisha binadamu mwenye afya bila kumgusa, msimamishe aseme mbele ya watu wanaompima na wasioonyesha hisia. Sasa linganisha chumba hicho na chumba cha mtihani wa mdomo. Jopo lipo, sura zimekazwa kwa jina la kutopendelea, maswali hayajulikani, na muda unahesabiwa. Mwanafunzi ambaye hajawahi kufundishwa kusema akiingizwa humo, kinachopimwa kwa sehemu kubwa ni uwezo wa mwili wake kuvumilia mfadhaiko. Udanganyifu na woga hutoa dalili zinazofanana: kusita, kukwepa macho, majibu mafupi. Kama mtego, mtihani huu huwanasa waoga, na mdanganyifu mwenye uso mkavu huteleza.

Woga huo hupungua kwa mafunzo, na tunajua baadhi ya yanayoupunguza. Mwaka 2003 wanasaikolojia Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich walionyesha kwamba mzungumzaji huamini wasiwasi wake unaonekana waziwazi kuliko unavyoonekana kwa kweli. Tena, wale walioelezwa mapema juu ya jambo hilo, kwamba moyo unaodunda kifuani hausikiki kwenye viti vya mbele, walitoa hotuba bora zaidi, kwa makadirio yao wenyewe na kwa makadirio ya waliowasikiliza. Fikiria maana yake kwa mwalimu: maelezo ya dakika chache, yakitolewa kwa wakati wake, yanabadilisha namna mtu anavyosema. Naye James McCroskey, mtafiti wa mawasiliano, aliacha hojaji yenye vipengele 24 inayopima hofu ya kuwasiliana katika mazingira manne: kikundi kidogo, mkutano, mazungumzo ya watu wawili, na hotuba mbele ya hadhira. Faida yake kubwa, kwa macho yangu, ni kumwonyesha mwanafunzi kwamba hofu si donge moja. Anayeganda jukwaani anaweza kuwa huru kabisa akikaa mezani na watu wanne, na kutoka pale mezani ndipo mwalimu mzuri humwanzisha.

Sasa nije kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya inasikika pande zote mbili. Inasema kwamba katika kuzungumza maneno yenyewe ni asilimia 7 tu, sauti ni asilimia 38, na mwili asilimia 55. Wapenzi wa kozi za usemaji huitumia kuuza mafunzo ya mikono na mkao. Wapinzani huitumia kuthibitisha kwamba usemaji ni maonyesho matupu yasiyostahili kuwa na alama za chuo. Wote wawili wamekosea chanzo. Namba hizo zilitokana na majaribio mawili ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967, na yalihusu jambo jembamba sana: msikilizaji anaamini nini kuhusu hisia za msemaji pale ambapo neno linasema hivi na sauti au uso unasema vingine. Mehrabian mwenyewe amesisitiza kwamba hesabu yake haihusu mazungumzo ya kawaida. Ingekuwa kweli kwamba maneno ni asilimia 7, tungeweza kumsikiliza mtu anayesema lugha tusiyoijua na kuelewa karibu kila kitu kutokana na uso na sauti yake. Hakuna anayeweza. Kozi inayoanza kwa kuonyesha namba hizo kwenye slaidi imejitia aibu siku ya kwanza, na ndiyo inayowapa watu haki ya kusema debe tupu haliachi kuvika.

Kozi hiyo duni ipo, sikatai, na kwa sasa inazidi kusambaa kwa sura mpya. Wanafunzi wanajisajili mtandaoni, wanapewa mada, wanajirekodi kwa simu na kupakia video. Wanaoisimamia wanasema inaokoa muda na inawafaa wenye haya. Nimetazama video nyingi za namna hiyo na nimewauliza waliozitengeneza. Mmoja aliniambia alirudia mara 14. Kila alipoteleza neno alifuta na kuanza tena, na karatasi yenye hotuba nzima ilikuwa imebandikwa nyuma ya simu. Alichojifunza ni kuhariri, na hilo si bure, lakini hakukuwa na mtu aliyekunja uso, hakukuwa na kikohozi, hakukuwa na yule wa safu ya nyuma anayeonekana ameachwa njiani na anayekulazimisha uache sentensi uliyoandaa na kutafuta nyingine papo hapo. Hadhira ndiyo nusu ya somo. Ukiiondoa, unakuwa umemfundisha mtu kuogelea kwa kulala juu ya meza. Na kwa upande wa uaminifu, video haisaidii kitu: hotuba iliyoandikwa na akili unde husomeka mbele ya kamera bila taabu yoyote. Anayeisoma hukwama pale tu anapoulizwa swali la pili, lile linalotokana na jibu alilolitoa sasa hivi.

Kozi ninayoitetea inaanza na masikio. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni jepesi kulieleza na gumu kulifanya: mwanafunzi mmoja anatoa hoja kwa dakika 2, mwenzake anayetaka kuipinga haruhusiwi kupinga mpaka airudie hoja ile kwa maneno yake mwenyewe na mwenye hoja akubali, "Ndiyo, hicho ndicho nilichosema." Wiki za mwanzo ni mateso. Mpinzani anarudia nusu tu, au anarudia anachotaka kukisikia, na mwenye hoja anatikisa kichwa, "Hapana, sikusema hivyo." Wanajaribu mara ya pili, ya tatu. Mara nyingi hutokea kwamba mwenye hoja, akisikia maneno yake yakirudi kutoka kinywa cha mwingine, anagundua mwenyewe mahali yanapovuja. Nimeona wanafunzi wakibadilisha msimamo wakiwa wamesimama, bila kushindwa na mtu. Hilo ni fikra inayofanya kazi hadharani, na sijui insha inayoweza kulifundisha kwa kasi hiyo. Plato aliishutumu balagha kwamba ni kujipendekeza, kama mpishi anayempendeza mlaji badala ya kumponya. Shutuma yake ina nguvu dhidi ya anayefundishwa kusema tu. Kwa anayefundishwa kusikiliza kwanza, imepoteza makali.

Mambo mengine ya kozi ni ya utaratibu, na nitayapita haraka. Madarasa yawe madogo, watu 20 au pungufu, kwa sababu kila mwanafunzi lazima asimame mara nyingi kwa muda mfupi badala ya mara moja kwa muda mrefu. Alama ya maudhui itenganishwe na alama ya utamkaji, ziandikwe kwenye visanduku viwili, ili ufasaha usinunue hoja mbovu na kigugumizi kisiuze hoja nzuri kwa bei ya hasara. Wenye kigugumizi waongezewe muda kama haki, bila kuombewa msamaha na mtu. Lafudhi isiwe kigezo cha chochote.

Wapo watakaoniambia kwamba wanafunzi wa uhandisi, uuguzi au hesabu hawana nafasi ya mambo haya kwenye ratiba. Nawaelewa, maana ratiba hizo zimejaa kweli. Lakini ni hao hao wanaorudishiwa mtihani wa mdomo, na ni hao hao watakaomweleza mgonjwa jinsi ya kutumia dawa, au kumwambia mwenye fedha kwamba nguzo ile haitabeba ghorofa nyingine. Muuguzi akieleza kipimo cha dawa asieleweke, kosa hilo halibaki kwenye karatasi ya mtihani. Kama chuo kimepata saa 100 za kuwahoji wanafunzi 200, kitafute na saa za kuwaandaa, la sivyo kisubiri mwaka mmoja kabla ya kuanza kuhoji. Kuchelewa mwaka mmoja kuna hasara ndogo kuliko kumwandikia mtu aliyefanya kazi yake kwa jasho kwamba huenda si yake.

Na mtihani wenyewe ukifika, ningependa swali la kwanza liwe hili: ni sehemu gani ya kazi yako ambayo bado huna uhakika nayo? Aliyeiagiza kazi kwa mashine hawezi kulijibu vizuri, kwa sababu hakupitia mashaka yoyote. Aliyeifanya mwenyewe analo jibu, tena refu. Lakini kumwambia mtu mwenye mamlaka juu ya alama zako, "Hapa sina hakika, na sababu ni hizi," kunahitaji uwe umewahi kulitamka neno hilo mbele ya watu na kuona kwamba hakuna aliyekucheka. Mwanafunzi yule wa ukurasa wa 19 angeweza kutuambia mengi juu ya watu ambao hakuwafikia na kwa nini. Alikuwa ameniambia yote wiki mbili kabla, tukiwa wawili, mlango wa ofisi ukiwa wazi, bila karatasi yoyote mkononi.